Mafuta ya jero, sabuni ya chupa: Unavyoweza kununua kwa kipimo bila kumhatarisha mtoto

Nilipoanza kupanga Mbagala, muda mfupi baada ya kumaliza chuo, nilikuwa na godoro, ndoo mbili, sufuria ya kuazima na posho ndogo iliyokuwa ikiingia kila Ijumaa. Nyumba ilikuwa na vyumba sita. Wapangaji tulitoka Mtwara, Kigoma, Singida na Tanga, na kila mmoja alikuwa ugenini kwa namna yake. Mama wa chumba cha pili alizoea kwao unga unatoka ghalani. Hapa unapimwa. Mafuta yanapimwa, sabuni ya unga inapimwa, mkaa unapimwa kwa kopo.

Ukihamia mtaa wowote wa pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chamazi, Buza, Tandale au Bunju, mtu wa kwanza utakayelazimika kumfahamu ni Mangi. Jina hilo lilikuwa la watawala wa Kilimanjaro, lakini siku hizi ni la muuza duka yeyote, hata kama kwao ni Njombe. Simama dukani kwake saa kumi na mbili jioni usikilize. "Mangi, mafuta ya jero." "Mangi, sukari robo, majani ya mia." "Mangi, nipimie sabuni ya mia mbili, na chumvi."

Makala nyingi za kubana matumizi humshauri mama anunue kwa jumla. Anunue gunia la mchele, dumu la mafuta, katoni ya sabuni. Kwa hela ipi, na aliweke kwenye chumba kipi? Fundi, mama ntilie, dereva wa bodaboda na muuza genge wanapata kwa siku na wanakula kwa siku. Kununua kwa kipimo ndiyo njia yao ya kuhakikisha mtoto halali njaa. Kwa hiyo sitakwambia uache. Ninachotaka ni tuangalie ni vitu gani ukivipima hupotezi kitu zaidi ya shilingi chache, na ni vipi vinaweza kukupeleka hospitali usiku.

Nasema usiku kwa sababu kwetu ilikuwa usiku.

Dada yangu alikuja kunitembelea na mwanawe wa miaka miwili. Nilikuwa nimenunua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile inayotengenezwa mitaani na kuuzwa kwenye chupa zilizokwishatumika. Yangu ilikuwa ya kijani, ndani ya chupa ya juisi, na karatasi ya juisi bado imebandikwa. Niliiacha sakafuni pembeni ya ndoo. Mtoto aliiona, akaifungua, akanywa kama alivyozoea kunywa juisi.

Alianza kukohoa, povu likamtoka mdomoni na puani. Nyumba nzima ilitoka. Mmoja alikuja na maziwa, mwingine akasema tumtie kidole atapike. Dada akakataa, si kwa kujua, ila kwa woga tu. Tulikimbia na bodaboda. Muuguzi aliyetupokea aliuliza mambo mawili tu: amekunywa nini, na je, mmemtapisha? Tulipojibu hapana kwa swali la pili, akasema vizuri. La kwanza hatukuweza kulijibu. Chupa ilisema embe.

Mtoto alipona. Lakini tangu siku ile sijawahi kuitazama chupa ya dukani kwa jicho lilelile.

Chupa inayodanganya

Katika vitu vyote tunavyonunua kwa kipimo, vile vya maji vinavyowekwa kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi ndivyo ningevipa nafasi ya kwanza kwenye orodha ya hatari. Sabuni ya maji ni kimojawapo. Kingine ni mafuta ya taa ya kuwashia mkaa. Kuna dawa ya kung'arishia nguo nyeupe inayopimwa kutoka dumu kubwa. Na kuna vile vichupa vya dawa ya kunguni, mende na panya vinavyopitishwa mtaani na wamachinga wenye spika, ambavyo mara nyingi havina hata jina la sumu iliyomo.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hajui kusoma, lakini umbo la chupa ya soda analijua. Rangi anaijua pia. Tumemfundisha wenyewe kwamba chupa ile ina kitu kitamu.

Mafuta ya taa yana ubaya wake wa pekee. Ni mepesi mno, na hatari yake kubwa iko kwenye mapafu kuliko tumboni. Mtoto akiyameza na kisha akatapishwa, yanapita mara ya pili kooni na yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Hapo ndipo hutokea kikohozi na kupumua kwa shida, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Mtoto anaweza kuonekana mzima saa mbili usiku, kumbe hali inabadilika usiku wa manane. Kwa vitu vinavyounguza, kama dawa ya kung'arisha au magadi makali ya kutengenezea sabuni, kutapika maana yake ni kuliunguza koo mara mbili.

Hivyo, usimtapishe. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kula, hata kama jirani anasisitiza kwamba ndivyo bibi alivyofanya. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali, na uichukue chupa yenyewe uende nayo. Harufu na mabaki yake yatamsaidia daktari kuliko maelezo yako.

Kinga yake ni rahisi kuliko tunavyofikiri. Ukienda kupima sabuni au mafuta ya taa, nenda na chombo ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji: kidumu cha zamani cha mafuta ya gari kwa mafuta ya taa, chupa ya sabuni ya dukani iliyokwisha kwa sabuni. Kama huna, ichane ile karatasi ya juisi, funga kamba nyekundu shingoni, andika kwa kalamu ya wino mzito. Kisha weka juu. Chumba cha kupanga hakina kabati, najua, lakini kina dirisha, kina msumari ukutani, kina juu ya friji ya mwenye nyumba. Popote mkono wa mtoto usipofika.

Mafuta, chumvi na ule mwanga wa duka

Mafuta ya kupima hayaui mtu, na sitaki kumtisha mama yeyote kuhusu jero yake. Lakini kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi.

Tangu 2011 nchi yetu ina kanuni zinazovitaka viwanda viongeze virutubishi kwenye baadhi ya vyakula: vitamini A kwenye mafuta ya kula, na madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Vitamini A ndiyo inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupambana na magonjwa. Tatizo ni kwamba vitamini hiyo haipendi mwanga. Mafuta yakikaa kwenye chupa nyeupe juani, pale kwenye meza ya mbele ya duka, inapungua siku hadi siku hata kama mafuta yenyewe yanaonekana safi.

Mwombe Mangi akupimie kutoka kwenye dumu lililo ndani badala ya chupa zilizopangwa nje. Mwulize pia dumu lilifunguliwa lini, na uangalie kama lina jina la kiwanda na nembo ya TBS. Si maswali ya kumkera. Mteja wa kila siku ana haki ya kuuliza, na Mangi mwenye akili anajua hivyo.

Hesabu nayo ifanye angalau mara moja. Chukulia lita moja inauzwa Sh6,000. Ikiwa kipimo cha Sh500 kinatoka mara 14 kwenye lita ile, wewe umelipa Sh7,000. Elfu moja hiyo ndiyo gharama ya kutokuwa na hela nzima mkononi. Kwa familia inayomaliza lita tatu kwa mwezi, ni elfu tatu. Si hela ya kubadili maisha, lakini ni pakiti kadhaa za chumvi nzuri.

Na chumvi ndiyo ningependa usipime kabisa. Katika duka zima, pengo la bei kati ya chumvi ya kupima na ya pakiti yenye madini joto ni dogo mno, ilhali pengo la faida ni kubwa. Madini joto huhitajika ili tezi ya shingo ifanye kazi yake, na mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaolipa. Nimewahi kusikia, tena kwa watu waliosoma, kwamba sisi wa pwani tunakula samaki hivyo hatuhitaji. Watafiti walipokwenda kuwapima watoto wa shule Unguja na Pemba miaka ya 2000 walikuta rovu, na hakuna mtu anayeweza kusema Pemba hawali samaki. Chumvi inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani na kuuzwa kwa kopo bila pakiti huenda haijatiwa chochote.

Ukishainunua ya pakiti, usiimwage kwenye bakuli lililo wazi karibu na jiko. Joto na unyevu huyaondoa yale uliyoyalipia. Funika, na tia chumvi chakula kinapokaribia kuiva.

Unga wa lishe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mama mwenye nia njema anaweza kukosea kwa sababu ya nia yake njema.

Pitia soko la Tandika au Tandale uone mifuko ya unga wa uji wa watoto: mahindi, mchele, ulezi, soya, karanga, wakati mwingine na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Mfuko hauna jina, hauna tarehe. Muuzaji atakwambia una nafaka saba, na mwenzake wa pembeni atasema wake una kumi, utadhani ni mnada.

Mahindi na karanga yasipokaushwa vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa uji, na haina ladha ya kukushtua. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa, na waliougua ni wengi zaidi ya hao. Hiyo ilikuwa sumu kwa wingi. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haitaonekana leo wala kesho, lakini huliumiza ini, na watafiti wanaihusisha na watoto kudumaa. Mtoto wa miezi minane anayekunywa uji huo mara tatu kwa siku anakula chakula kilekile kila siku. Mkubwa anabadilisha, leo ugali, kesho wali.

Ikiwa unaweza, nunua nafaka nzima, uzichague mwenyewe kwenye ungo. Ondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, na karanga zilizokunjamana. Zikaushe juani juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo, ndipo upeleke mashineni. Saga kidogo, wa wiki mbili. Na nafaka saba si lazima: mahindi na soya kwenye unga, kisha dagaa waliopondwa, yai au maziwa juu ya uji uliokwisha kuiva, vinatosha kabisa. Karanga unaweza kuzikaanga, ukazichagua tena na kuzitwanga kwa kinu siku hiyohiyo.

Hili linawahusu pia wenye bahati ya kupokea kiroba kutoka nyumbani. Mzigo ukishuka kwenye basi pale Mbezi, tunaufungua kwa furaha na kuusukumia chini ya kitanda. Chumba cha Dar kina joto na unyevu, na sakafu ya saruji hupitisha maji wakati wa masika. Mahindi yaliyotoka makavu Singida yanaweza kuota ukungu Mbagala. Weka kiroba juu ya mbao au matofali, kisiguse ukuta.

Dawa za buku

Kuna wakati tunapima hata dawa. Amoksilini za buku, mseto nusu, Panadol mbili. Panadol mbili sina ugomvi nazo. Lakini antibayotiki ya siku mbili kwa ugonjwa unaotaka siku tano ni hela uliyoitupa, na unaweza kuwa umewafundisha wadudu kuizoea dawa. Dozi ya mseto ni ya siku tatu, vidonge hupangwa kwa uzito wa mtoto, na kabla ya kuinunua anapaswa kupimwa malaria. Huduma kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wajawazito katika vituo vya serikali, kwa sera ya nchi, ni bure. Najua yanayotokea dawa zikiisha kituoni. Hata hivyo anzia pale, upate angalau kipimo na cheti, ndipo uende duka la dawa ukiwa unajua unachotafuta.

Kwa kuhara, vitu viwili vya bei ndogo ndivyo vyenye nguvu: pakiti ya chumvichumvi, yaani ORS, na vidonge vya zinki. Soma pakiti inataka maji kiasi gani. Ukiichanganya kwenye maji pungufu ili "iwe kali", unaweza kumdhuru mtoto. Zinki inaendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekwisha siku ya tatu. Na kama unanunua maji ya dumu kwa mkokoteni au kisima cha jirani, usiamini kwamba ni safi kwa sababu yanang'aa. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 kilianzia Kinondoni. Kidonge cha klorini mara nyingi ni nafuu kuliko mkaa wa kuchemshia ndoo nzima.

Chandarua usinunue kabla hujauliza kliniki. Mjamzito hupewa anapoanza kuhudhuria, na mtoto hupewa anapokwenda kwa chanjo ya surua ya miezi tisa.

Pampasi moja, pedi moja

Pampasi nazo siku hizi zinauzwa moja moja, na kwa kuwa moja imenunuliwa kwa tabu, inavaliwa mpaka inaning'inia. Matokeo yake ni mapaja mekundu, vidonda, fangasi, na hela ya dawa inayozidi ile ya pampasi. Nepi za kitambaa mchana, pampasi usiku au safarini: mama zetu walitulea hivyo na tulikua. Zifuliwe kwa sabuni isiyo na manukato makali, zianikwe juani, zipigwe pasi.

Kwa binti wa shule, pedi bado ni mzigo. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2018, bei madukani ikagoma kushuka, na mwaka uliofuata kodi ikarudi. Pedi za kitambaa zinazofuliwa ni suluhisho kwa aliye na maji na mahali pa kuzianika juani. Nasisitiza juani. Binti anayeona aibu akaianika chini ya godoro anavaa unyevu.

Nguo za mitumba za watoto ni nafuu na nyingi ni nzuri kuliko mpya za bei hiyohiyo. Fua kwa maji ya moto na upige pasi pande zote kabla hazijavaliwa. Chupi na soksi za mitumba ziache hukohuko kwenye meza. TBS imezipiga marufuku kwa miaka mingi, ingawa sote tunaziona zikiuzwa mchana kweupe.

Neno kwa wenye ndugu Muscat, Dubai au Ulaya: katoni zao ni baraka, lakini sabuni au krimu isiyosomeka, maziwa ya kopo yaliyopita tarehe na vitamini za watu wazima visimguse mtoto. Vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimekatazwa nchini, na mama anayenyonyesha ana sababu mbili za kuvikwepa. Kumbuka pia kwamba tangu 2019 chakula na vipodozi viko chini ya TBS, na dawa ziko TMDA, ile iliyokuwa TFDA. Ukiwa na malalamiko, huko ndiko kwa kupiga hodi.

Dumu la vyumba vinne

Miezi michache baada ya tukio la sabuni, mama wa chumba cha pili alikuja na wazo. Alikuwa anacheza upatu sokoni, akauliza kwa nini tusicheze upatu wa mafuta. Vyumba vinne tukakubaliana. Kila mmoja anaweka Sh1,000 kila siku kwenye kopo lake, mwisho wa mwezi tunanunua dumu la lita 20 Tandika, la kiwandani, lenye muhuri. Tunagawana lita tano kila chumba, tunaweka gizani.

Mwezi wa kwanza chumba kimoja kilishindwa, mtoto alikuwa amelazwa. Tukanunua la lita 10. Mwezi wa pili tulitimia. Mwezi wa tatu tukaongeza chumvi na sabuni ya mche. Wakati mwingine tunagombana kuhusu nani amepimiwa pungufu, kwa hiyo sasa tunapima kwa chupa ya lita moja mbele ya wote.

Mangi alipoona hatuji tena kwa mafuta ya jero, aliuliza kuna nini. Tukamweleza. Alicheka, akasema basi kopo la pesa tulihifadhi kwake, dumu atatuletea yeye kwa bei ya Tandika, tuokoe nauli. Tulikubali kwa sharti moja: sabuni ya maji aache kutuuzia kwenye chupa za juisi. Sasa wateja wake wanakuja na vidumu vyao, na asiye nacho anapewa chupa isiyo na karatasi, yenye mpira mwekundu shingoni.